Harufu Iliyokaa Chupani: Sababu Zake na Namna ya Kuiondoa

Jambo tunalotaka kulieleza leo ni dogo machoni pa watu wengi, wala si la kukusanyia baraza. Walakini ni chache nyumba za Pemba, toka Makangale hata Kengeja, zisizokuwa na chupa moja au mbili zilizowekwa pembeni kwa sababu zanuka. Moja ni chupa ya maji ya mtoto wa skuli, nyingine ni ya mvuvi, nyingine ni chupa ya chai ambayo kila kitiwacho ndani yake hupata ladha ya chai ya juzi. Mwenyewe ameiosha, ameisuza kwa maji mengi, akaifunga usiku kucha. Na asubuhi afunguapo kizibo, harufu yamkabili kana kwamba hakufanya kazi yoyote.

Katika hali hiyo watu hufuata moja katika njia mbili. Wa kwanza huitupa chupa na kununua nyingine. Hiyo ni hasara ya fedha, tena ni taka juu ya taka katika kisiwa ambacho takataka zake zikikosa shimo huishia vichakani na baharini. Wa pili hutia chupani kitu chenye harufu kali zaidi, kama makonyo ya karafuu, iliki au mchaichai, mpaka uvundo usisikike tena. Huyu wa pili amekosa zaidi kuliko wa kwanza, na kosa lake ndilo lililotufanya tuandike maneno haya. Harufu ya chupa yatupa habari. Yatuambia kwamba ndani kimebaki kitu, na kitu hicho chaweza kuwa maziwa yaliyoharibika, au utando wa vijidudu, au mafuta ya taa. Anayeifunika harufu amekiacha kitu chenyewe mahali pake, na tena amejinyima njia ya kukijua.

Basi kwanza tutaeleza harufu yatoka wapi, kisha tutataja kila namna ya harufu pamoja na dawa yake, na mwisho tutataja chupa ambazo hazina dawa.

HARUFU HUTOKA WAPI

Mtu anywapo kwa kutia mdomo wa chupa kinywani mwake, mate kidogo hurudi ndani pamoja na chembe za chakula na vijidudu vya kinywani. Vijidudu hivyo havionekani kwa macho. Vikikuta unyevu, joto na chakula kidogo, kama sukari ya juisi au mafuta ya maziwa, huzaana kwa upesi. Na katika kula kwao hutoa hewa na asidi ambazo ndizo tunazozisikia puani.

Msomaji akitaka kuona kwa mkono wake, na apitishe kidole safi ndani ya shingo ya chupa iliyotumika siku nyingi bila ya sabuni. Atahisi utelezi. Utelezi huo ni utando wa vijidudu vilivyojishikiza katika ukuta wa chupa na kujifunika kwa ute wao wenyewe. Mfano wake ni ukoga ushikao menoni. Na kama vile ukoga hauondoki kwa kusukutua ila kwa mswaki, vivyo hivyo utando wa chupa hauondoki kwa kusuza ila kwa kusuguliwa. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya watu kuosha chupa mara tatu bila ya kufaulu: wamemwaga maji, hawakusugua.

Sababu ya pili ni chupa yenyewe. Kioo hakinyonyi kitu; kikisuguliwa vizuri, harufu yote hutoka. Chuma cheupe kisichoshika kutu kinakaribia kioo katika sifa hiyo. Plastiki ni mbali. Plastiki nyingi hutengenezwa kwa petroli, na kwa asili yake yapatana na vitu vya mafuta. Harufu za viungo, za nazi na za mafuta ya taa zaingia ndani ya plastiki yenyewe, kisha hutoka kidogo kidogo kwa siku nyingi. Chupa nyembamba za plastiki tunazozijua leo ni za namna iliyopewa hati ya uvumbuzi nchini Marekani mwaka 1973 kwa jina la Nathaniel Wyeth. Sifa yake kubwa ni kuwa nyepesi na kuweza kuizuia hewa ya soda isitoke. Kusuguliwa mwaka baada ya mwaka si kazi iliyokusudiwa.

Sababu ya tatu husahauliwa na wengi, nayo ni kizibo. Wazee walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Ndani ya kizibo mna hesi, yaani njia za kuzungukia, na mara nyingi mna mpira au pete laini ya kuzuia maji yasivuje. Chini ya pete hiyo hukaa maji yasiyokauka, na ndipo ukungu mweusi uotapo. Mtu aweza kuisugua chupa hata ing'ae, kisha akaifunga kwa kizibo kile kile, na harufu ikarudi siku ya pili.

KUOSHA KWANZA, DAWA BAADAYE

Kabla ya dawa yoyote hapana budi kuosha, kwa kuwa dawa haifiki mahali palipofunikwa na uchafu. Utaratibu wake ni huu.

Mwaga kilichobaki mara tu baada ya kunywa, wala usingoje jioni. Kitu kikiisha kukauka ukutani mwa chupa huwa kigumu kuondoka. Fungua kizibo, na ikiwa kina pete ya mpira, itoe kwa kijiti kisichokata. Tia maji ya moto kiasi na sabuni. Kwa chupa nyembamba ya plastiki usitie maji yachemkayo, maana plastiki hiyo huanza kulegea katika joto la digrii 70 hivi, ikapinda na kujikunja. Na kwa chupa ya kioo tia kwanza maji ya vuguvugu, kisha ya moto, kwani kioo kikikutwa na joto kwa ghafula hupasuka.

Kisha sugua. Burashi ya chupa yafaa sana. Asiyekuwa nayo na achukue nyuzi safi za kumbi la nazi, azifunge imara kwenye ncha ya kijiti, naye amepata burashi. Ikiwa shingo ya chupa ni nyembamba hata burashi haipiti, tia ukufi wa chenga za mchele pamoja na maji kidogo ya sabuni, ziba, utikise kwa nguvu mpaka zimepita kila pembe. Wengine hutumia mchanga. Katika chupa ya kioo mchanga una kazi yake, lakini katika plastiki hufanya mikwaruzo, na kila mkwaruzo ni nyumba mpya ya vijidudu. Chupa iliyokwaruzwa sana hunuka upesi kuliko ilivyokuwa kabla ya kusuguliwa.

Mwisho suza kwa maji safi, uipindue chupa mdomo chini mpaka maji yatoke, kisha iwekwe wazi ikauke, na kizibo kando yake. Neno hili twalikazia. Chupa ifungwayo ingali na unyevu huvunda hata kama imeoshwa kwa sabuni bora.

KILA HARUFU NA DAWA YAKE

Baada ya kuosha, ikiwa harufu ingalipo, msomaji na anuse na kujiuliza ni harufu ya namna gani. Dawa si moja. Iondoayo uchachu haiondoi shombo, na mtu akizibadili hujisumbua bure.

Kwanza, uchachu. Hii ni harufu ya chupa iliyotiwa maziwa, juisi ya embe, ubuyu, ukwaju au togwa. Vijidudu vikila sukari na maziwa huacha asidi, na asidi ndiyo uchachu wenyewe. Dawa yake ni kitu cha asili ya magadi, kinachoizimua asidi. Kilicho bora ni soda ya kuokea mikate iuzwayo madukani. Tia vijiko viwili vya chai katika chupa ya lita 1, jaza maji ya vuguvugu, tikisa, uiache wazi usiku kucha, kisha suza. Asiyekuwa na soda na atumie maji ya majivu, kama walivyofanya mabibi zetu katika kuosha vyombo vyao. Chukua majivu safi ya kuni, si ya takataka wala ya plastiki. Yakoroge katika maji, yaache yatulie, kisha utumie yale maji ya juu yaliyochujika. Yana ukali, basi yasiingie machoni, na chupa isuzwe mara kadha baadaye.

Pili, shombo. Wavuvi wa Kojani na wachuuzi wa Tumbe waijua harufu hii kuliko sisi. Mkono uliomshika samaki huishika chupa, na shombo hukaa katika shingo na kizibo. Asili ya shombo ni kinyume cha uchachu, yaani ni ya namna ya magadi. Kwa hiyo soda na majivu hayaifai kitu. Dawa yake ni asidi, na kila mpishi wa Pemba aijua bila ya kufundishwa, maana hapana asafishaye samaki bila ya ndimu. Asidi ya ndimu huigeuza shombo kuwa namna ya chumvi isiyoruka hewani, nayo hutoka pamoja na maji. Kamua ndimu mbili katika chupa, ongeza maji hata nusu, tikisa, na baada ya saa moja suza. Siki pia yafaa, sehemu moja ya siki kwa sehemu nne za maji.

Yako mambo mawili ya kuonya hapa. Watu wengine huchanganya soda na siki pamoja wakidhani nguvu zake zitazidi. Hazizidi, kila moja huizimua nyingine, na yanayobaki ni maji yenye chumvi. Povu lake hupendeza, lakini mtu akiziba kizibo kwa nguvu, hewa ile huweza kukirusha kizibo au kuipasua chupa. La pili ni kubwa zaidi. Siki au ndimu isichanganywe kamwe na dawa ya klorini ya kufanyia nguo weupe. Katika mchanganyiko huo hutoka hewa ya sumu iumizayo macho na mapafu.

Tatu, uvundo wa unyevu. Hii ni harufu ya chupa iliyofungwa kabatini na maji kidogo ndani, nayo huzidi wakati wa masika, ambapo hata nguo hazikauki. Dawa yake kubwa ni kusugua na kukausha. Iweke chupa juani wazi kutwa nzima, mdomo ukielekea chini kidogo. Ikiwa umeona ukungu, osha, kisha tia kijiko kimoja cha chai cha dawa ya klorini isiyo na manukato katika lita 1 ya maji, jaza chupa na utumbukize kizibo, ngoja dakika kumi, kisha suza vizuri na kuianika. Ikiisha kukauka kabisa, na harufu ndogo ingalipo, tia vipande vya makaa ya kuni, makavu na safi, uifunge siku mbili. Makaa yana matundu madogo yasiyohesabika, na harufu hunaswa humo. Kisha yatoe na uoshe vumbi lake.

Nne, harufu ya viungo na mafuta. Hapa twaingia katika jambo la kwetu hasa. Msimu wa karafuu ukifika, mchumaji hutoka alfajiri na chupa yake ya maji, na kutwa nzima mikono yake imo katika vishada. Usiku wanyumba hukaa wakachambua karafuu na makonyo, na chupa ile ile hupita kutoka mkono hadi mkono. Mafuta ya karafuu hayachanganyiki na maji ila kidogo sana, tena ni mazito kuliko maji. Mwenye shaka na atie tone moja katika bilauri ya maji, ataliona likizama mpaka chini. Mafuta ya taa na ya nazi huelea, hayo huzama. Ndiyo maana mtu aliyetumia tena chupa ndogo iliyokuwa na mafuta ya makonyo, kama yale yanayokamuliwa kwa mvuke katika kiwanda cha Wawi karibu na Chake Chake, husuza na kumwaga maji ya juu, na mafuta yakabaki chini yamejificha.

Kwa harufu ya namna hii, ndimu na soda hazitoshi. Mafuta hushindwa na sabuni. Kwanza tia chenga kavu za mchele au pumba laini, tikisa ili zinyonye mafuta, uzimwage. Kisha osha kwa sabuni na maji ya moto kiasi, mara mbili au tatu, ukimwaga kwa kuipindua chupa kabisa. Chupa ya kioo itatakata. Chupa ya plastiki iliyokaa na mafuta ya karafuu kwa majuma haitatakata, kwa sababu mafuta yamekwisha kuingia ndani yake. Tena mafuta hayo yana nguvu ya kuharibu baadhi ya namna za plastiki. Usishindane nayo. Ipe kazi nyingine isiyokuwa ya kunywea, kama kuwekea misumari au mbegu.

CHUPA YA CHAI

Chupa ya chai yastahili maneno yake peke yake, kwani ni chombo cha heshima katika kila nyumba, na mgeni hupimia usafi wa nyumba kwayo. Asili yake ni chombo alichokibuni mtaalamu wa Scotland, James Dewar, mwaka 1892, kwa ajili ya kuhifadhi hewa zilizogeuzwa maji kwa baridi kali. Ina kuta mbili, na baina yake hewa imetolewa, hata joto halina njia ya kupita. Lakini chombo kilicho hodari wa kuhifadhi joto huhifadhi vuguvugu pia. Chai ya maziwa iliyotiwa asubuhi, ikabaki kidogo hata usiku, hupoa polepole, ikapita kwa saa nyingi katika joto lile lile wapendalo vijidudu. Basi chai ya maziwa isilale chupani.

Rangi ya kahawia iliyoshika ndani ni masalio ya majani ya chai au ya kahawa. Tia vijiko viwili vya soda ya kuokea, jaza maji ya moto sana, acha wazi saa tatu au nne, kisha usugue kwa burashi laini. Ikiwa ndani yake ni kioo, usitikise mchele wala kokoto humo, maana kioo hicho ni chembamba na mara moja hupasuka; na chupa iliyopasuka ndani isitumike tena, hata kwa siku moja, kwa ajili ya vipande vya kioo. Usiizamishe yote katika karai, maji yasiingie baina ya kuta. Kizibo chake kifunguliwe na kuoshwa kila siku, nayo chupa ihifadhiwe ikiwa wazi.

MANUKATO BAADA YA USAFI

Huenda msomaji akasema, mbona wazee wetu wakifukiza vyombo vya maji kwa ubani, na maji yakanukia? Ni kweli, na ni desturi nzuri. Lakini tuitazame vema. Mtungi huoshwa kwanza, ukasuguliwa, ukakauka, ndipo ukageuzwa juu ya chetezo. Ndugu zetu wa bara wana desturi iliyo jamaa na hiyo. Wakalenjin wa Kenya huvisugua vibuyu vyao vya maziwa kwa makaa ya miti waijuayo, na Wamasai hutumia kijinga cha mzeituni wa mwituni. Moshi na makaa hukausha ndani ya kibuyu na kupunguza vijidudu, na maziwa hukaa. Wote hao huosha kabla ya kufukiza. Manukato yalikuwa ni pambo la chombo kilicho safi, si sitara ya chombo kichafu. Anayetia makonyo katika chupa iliyooza hakufuata desturi ya wazee, ijapokuwa adhani amefuata.

CHUPA ISIYONUKA SI LAZIMA IWE SALAMA

Tumesema kwamba harufu ni habari. Hatukusema kwamba pasipo harufu pana salama. Vijidudu vya kipindupindu havina harufu ya kumwonya mtu. Maradhi hayo yalizuka Zanzibar mwaka 1978, na tangu hapo yamerudi mara nyingi. Mwaka 2009 watu wa sehemu kadha za Unguja na Pemba walipewa chanjo yake ya kunywa. Kwa hiyo chupa iliyotakata na itiwe maji yaliyotakata, yaliyochemshwa au kutiwa dawa kwa kipimo chake.

Jua nalo lina msaada kwa asiyekuwa na kuni. Mwaka 1996 jarida la madaktari liitwalo Lancet liliandika habari za majaribio yaliyofanywa kati ya watoto wa Kimasai nchini Kenya. Maji ya baadhi yao yaliwekwa juani katika chupa za plastiki zionyeshazo, na ya wenzao yaliwekwa ndani ya nyumba. Na waliokunywa maji ya juani walipungukiwa na kuhara. Maji yasiyo na tope, katika chupa safi isiyozidi lita 2, huwekwa juani saa 6 kukiwa na jua kali, au siku 2 mfululizo kukiwa na mawingu. Lakini chupa yenye utando au mikwaruzo huzuia nuru isipite. Hapo msomaji ataona kwamba anayeitunza chupa yake isinuke, ameitunza pia ifae kwa kazi hii.

CHUPA ZISIZOKUWA NA DAWA

Sasa twafika kwenye neno kubwa kuliko yote tuliyoyasema. Ziko chupa ambazo hazioshwi zikanywewa, hata zikiisha kunukia kama waridi. Nazo ni chupa iliyotiwa mafuta ya taa au petroli, chupa au dumu la dawa ya kuulia wadudu, magugu au kupe, na chupa iliyotiwa maji ya betri. Plastiki hunyonya sumu kama inyonyavyo harufu, na huitoa kidogo kidogo katika maji. Harufu yaweza kuondoka, sumu ikabaki.

Tena hatari haiko katika chupa iliyooshwa tu. Iko zaidi katika chupa ya soda au ya maji iliyotiwa mafuta ya taa na kuwekwa jikoni. Mtu mzima anusa akajua. Mtoto wa miaka miwili au mitatu hanusi. Huona chupa aliyonyweshwa soda siku ya Idi, na rangi ya maji, naye ana kiu. Nyumba ambayo watu wamezoea chupa zenye kunuka, mtoto wake hujifunza kunywa bila ya kujali harufu, na siku ya chupa ya mafuta ya taa ikija, hana cha kumzuia. Kwa hiyo twaomba kila mwenye nyumba leo hii, kabla ya jua kuchwa, atazame chini ya meza na nyuma ya mlango. Mafuta ya taa na yahamishiwe katika chombo kisichofanana na cha kunywea, yawekwe juu, mbali na mkono wa mtoto.

Ikitokea bahati mbaya, mtoto akanywa mafuta ya taa, asitapishwe. Wala asipewe maziwa au mafuta ya nazi kwa nia ya kumtapisha. Mafuta ya taa yakipanda tena kooni huingia mapafuni, na humo ndimo yaletamo madhara makubwa. Na apelekwe mara moja hospitali au kituo cha afya kilicho karibu, na chupa aliyoinywa ichukuliwe pamoja naye, ili daktari ajue alichokunywa.

Chupa za dawa za shambani zikiisha, zisuzwe mara tatu na maji hayo yamwagwe katika mchanganyiko wa kupigia dawa, kisha zitobolewe ili asizitamani mtu mwingine, wala zisitupwe kisimani, mtoni au pwani.

Hayo ndiyo tuliyotaka kuyasema. Kazi yote tuliyoieleza haihitaji chombo cha ajabu. Yahitaji sabuni, nyuzi za kumbi, ndimu ya uani, soda ya dukani, makaa ya jikoni na jua lisilolipiwa. Yahitaji pia pua isiyodanganywa. Chupa ikinuka, iulizwe kwanza ilikuwa na nini. Jibu likiwa ni maziwa, samaki au karafuu, dawa yake imekwisha kutajwa hapa. Na jibu likiwa halijulikani, au chupa imeokotwa njiani, hasara ya chupa moja ni nyepesi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wenyewe, katika jambo hili, ni afya ya watoto wetu.